MFUNIKE NDUGU YAKO: NENO KWA WANAOCHEKA KIPIMO CHA WANAUME

 

Leo nina neno kwa wanaume. Akina mama, msiondoke, nitawafikia. Ni jambo ambalo halitajwi sana madhabahuni, lakini kwenye simu linatajwa kila siku, tena kwa vicheko. Nazungumzia kipimo cha tezi dume, ile ambayo wengi wetu huiita prosteti, na mizaha tunayoipeleka huku na huku kwenye magrupu yetu.

Unaijua mizaha hiyo. Daktari amechorwa ana glavu mkononi na anatabasamu. Mgonjwa amechorwa anakimbia huku ameshikilia suruali. Chini yake mtu ameandika kwamba mwanaume kamili hapimwi hivyo. Mwingine anajibu kwamba ni afadhali afe na heshima yake. Wa tatu anauliza kama aliyepimwa bado ataruhusiwa kukaa na wazee barazani. Tunacheka, tunatuma kwa grupu lingine, tunaendelea na kazi. Ikifika Novemba, wakati ile kampeni ya masharubu iliyoanzia Melbourne, Australia, mwaka 2003 inawakumbusha wanaume kuangalia afya zao, mizaha hii hunyesha pamoja na mvua za vuli.

Nitasema msimamo wangu mapema ili usinitafute katikati ya maneno. Mzaha huo unafunga mlango wa kliniki mbele ya mtu ambaye wewe humwoni. Na sisi tuliookoka hatuna ruhusa ya kuufunga mlango huo.

Fungua Mwanzo sura ya 9, kuanzia mstari wa 20. Nuhu amekunywa divai, amelewa, amelala uchi hemani mwake. Hamu akaingia, akaona uchi wa baba yake. Sasa angalia alichofanya: alitoka nje akawaambia ndugu zake. Hakumpiga baba yake wala hakumwibia kitu. Alitoka tu na habari. Angekuwa na simu, tungeiona picha hiyo kabla ya jua kutua. Lakini Shemu na Yafethi walichukua vazi, wakaliweka mabegani, wakatembea kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama.

Ndugu yangu, kila mtu ana hema lake. Ndani ya hema hilo kuna mambo ya mwili ambayo hangependa yajulikane sokoni. Anayeamka usiku mara tano kwenda haja ndogo ana hema. Anayesimama chooni muda mrefu na mkojo hautoki ana hema. Swali la leo ni moja: ukipita karibu na hema hilo, wewe ni Hamu au ni Shemu?

Utaniambia, "Pasta, mimi sikumtaja mtu. Ni utani tu." Mithali 26, mstari wa 18 na wa 19, inamlinganisha mtu anayemdanganya jirani yake kisha akasema alikuwa anafanya mzaha na mwendawazimu anayerusha moto na mishale. Mshale uliorushwa gizani hauna jina la mtu, lakini una mahali pa kutua. Kwenye grupu la watu 200, hujui ni nani aliyeona damu kwenye mkojo wake asubuhi hiyo. Hujui ni nani aliyekuwa amepanga kwenda hospitali Jumatatu. Wewe ulituma mchoro saa mbili usiku ukalala. Yeye aliutazama, akaufuta ule mpango wake moyoni, na hakukwambia.

Mama mmoja alinijia baada ya ibada. Akasubiri watu waishe, akaniambia, "Pasta, mzee wangu halali. Anaamka usiku mara nne, mara tano. Nikimwambia twende hospitali, anachukua simu ananionyesha ile picha ya daktari na glavu. Anasema, unataka wanifanyie hivi?"

Mnaona? Huyo baba hakuwa na hoja. Hakusema hana pesa wala hakusema hospitali ni mbali. Jibu lake lote lilikuwa ni mzaha aliotumiwa na marafiki zake. Wao walidhani wamemchekesha, kumbe wamempa sababu.

Jumamosi iliyofuata nilimtembelea mzee huyo pamoja na shemasi mmoja aliye rika lake. Hatukuhubiri. Tulikunywa chai, tukaongea, na wiki hiyo akaenda kupimwa. Alichoambiwa na daktari ni siri yake, ya mkewe na ya Mungu wake. Sitakiandika hapa.

Sasa niwaeleze mambo yenyewe, kwa sababu mzaha hustawi mahali ambapo watu hawajui.

Tezi dume ni kiungo kidogo, kama ndimu ndogo hivi. Kiko chini ya kibofu cha mkojo, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Ndiyo maana tezi hiyo ikivimba, mkojo unasumbua: unachelewa kuanza, unatoka kwa nguvu kidogo, unakatika, unakuamsha usiku. Umri ukienda, tezi hii huongezeka kwa wanaume wengi, na mara nyingi ongezeko hilo si saratani. Nasikia wengine mmepumua. Pumueni, lakini msikilize hadi mwisho.

Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume hapa Kenya kwa idadi ya wanaogunduliwa. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote. Mtu analima, anaendesha matatu, anahubiri, na haumwi popote. Ikishatoka kwenye tezi, hupenda kukimbilia mifupa. Hapo ndipo mzee analalamika kiuno na mgongo, ananunua dawa za kuchua, na miezi inapita. Ikipatikana mapema, madaktari wana mengi ya kufanya. Ikipatikana imefika kwenye mifupa, kazi inakuwa nyingine.

Kuna watu wanaopaswa kuwa makini zaidi. Umri ni jambo la kwanza, hasa ukifika 50. La pili ni damu ya ukoo: kama baba yako au ndugu yako wa tumbo moja aliugua, ongea na daktari mapema zaidi, hata kwenye miaka ya arobaini. La tatu ni kwamba sisi watu weusi tumo hatarini zaidi. Kule Uingereza ambako wamehesabu, mwanaume 1 kati ya 8 hupata saratani hii maishani mwake, lakini kwa wanaume weusi ni 1 kati ya 4. Mwanaume mweusi akiucheka ugonjwa huu, anacheka kitu kilicho karibu na mlango wake.

Na kipimo chenyewe je? Mara nyingi huanza na damu. Unatolewa damu mkononi, inapimwa kitu kinachoitwa PSA. Basi. Kiwango kikiwa juu haimaanishi moja kwa moja una saratani, kwa sababu hata uvimbe wa kawaida au maambukizi yanaweza kukipandisha. Daktari atakueleza hatua inayofuata. Wakati mwingine atahitaji kuigusa tezi kwa kidole, kupitia njia ya haja kubwa, kwa sababu tezi iko hapo karibu na anaweza kusikia kama ni laini au ina vinundu vigumu. Glavu ipo, mafuta ya kulainisha yapo, na huchukua muda mfupi kuliko unaotumia kuchagua mzaha wa kutuma.

Mimi niko kwenye miaka ya arobaini na nimetoa damu yangu ikapimwa. Nilitoka hapo nikaenda kunywa chai na mandazi. Bado mama mchungaji ananiita mume wake, na Jumapili bado mnanisikia nikihubiri mpaka mnaangalia saa.

Hebu niwape mfano wa watu wawili wakubwa, mambo yao yakitokea mwezi mmoja, Januari 2024.

Wa kwanza ni Lloyd Austin, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, mtu mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo, jenerali mstaafu aliyepigana vita Iraq. Mwezi Desemba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume akafanyiwa upasuaji. Tarehe 1 Januari akarudishwa hospitalini kwa matatizo yaliyofuata upasuaji huo. Hakusema. Siku kadhaa zilipita kabla ya Rais wake kujua kwamba waziri wake yuko kitandani. Baadaye alisimama mbele ya waandishi wa habari akaomba radhi kwa kunyamaza. Mtu aliyekabili risasi alishindwa kulitaja jambo hili. Simlaumu. Namtaja ili ujue aibu hii ina nguvu kiasi gani. Kama inaweza kumnyamazisha mkuu wa jeshi lenye nguvu kama lile, itamfanya nini fundi wa baiskeli kule Webuye ambaye marafiki zake wote ni watu wa utani?

Wa pili ni Mfalme Charles wa Uingereza. Mwezi huohuo yeye alikuwa na uvimbe wa tezi dume, usio wa saratani. Wangeweza kusema tu kwamba mfalme hajisikii vizuri. Badala yake walitaja ugonjwa kwa jina lake, na wakaeleza kwamba anataka wanaume wengine wapate moyo wa kwenda kuangaliwa. Siku hizohizo, watu waliofungua ukurasa wa huduma ya afya ya taifa lao kusoma kuhusu ugonjwa huo waliongezeka sana. Neno moja la wazi liliwaamsha watu wengi.

Na hapa Afrika tunao mashahidi. Mzee Nelson Mandela alitibiwa saratani ya tezi dume mwaka 2001, akaishi mpaka Desemba 2013, akiwa na miaka 95. Askofu Mkuu Desmond Tutu, mtumishi wa Mungu kama sisi, aligunduliwa mwaka 1997. Hakuficha. Aliishi zaidi ya miaka 20 baadaye, akafariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90. Sisemi kila mtu atapata miaka hiyo. Magonjwa hutofautiana na Mungu ndiye mwenye siku zetu. Lakini niambie, kati ya wazee hao wawili, ni yupi aliyepoteza heshima yake kwa sababu alitibiwa?

Najua kuna ndugu atakayesema, "Pasta, sasa hata kucheka ni dhambi?" Hapana. Mithali 17:22 inasema moyo uliochangamka ni dawa. Sara alimcheka mtoto wake wa uzeeni kwa furaha. Mimi napenda kicheko. Lakini kuna kicheko cha aina mbili. Mzee aliyetoka kupimwa akasimama mbele ya wanaume wenzake akasema, "Jamani nilikuwa nimejikaza kama ngoma, kumbe ni kitu cha dakika moja, nendeni," huyo amewachekesha na amewafungulia mlango. Anayesema mwenye kupimwa si mwanaume tena, amewachekesha na ameufunga. Kabla hujatuma, jiulize jambo moja: mwenye ugonjwa huu akiisoma, ataenda hospitali haraka au atachelewa? Hapo utajua umeshika nini mkononi.

Ukitaka kujua mzaha huu una sumu gani, angalia wanaofaidika nao. Tembea mjini uone makaratasi yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima. Dawa ya nguvu za kiume, dawa ya prosteti, namba ya simu, "siri yako ni yetu." Wale wanafanya biashara na aibu yako. Mwanaume anayeogopa kuchekwa na wenzake atamlipa mtu asiyemjua, kwa dawa asiyoijua, gizani. Anapokwisha kutumia pesa za karo ya watoto, ugonjwa umekwisha kusogea. Sisi tunaocheka tunawaletea wale wateja.

Na kanisa nalo lisikie. Kuna mahali mgonjwa akisema anaenda kupimwa, anaulizwa imani yake imekwenda wapi. Watu wanataja Mfalme Asa katika 2 Nyakati 16, aliyeugua miguu akawatafuta waganga. Someni vizuri. Kosa la Asa lilikuwa kumwacha Bwana. Soma na Isaya 38. Hezekia aliugua karibu ya kufa, akaomba kwa machozi, Mungu akamwongezea miaka 15. Na nabii huyohuyo aliyeleta ahadi akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ya Mungu na dawa vilikaa katika sura moja bila kugombana. Mtume Paulo alisafiri na Luka, na anamtaja kama tabibu mpendwa. Kwa hiyo njoo tukuwekee mikono, tukupake mafuta, na kesho yake asubuhi uende ukatoe damu. Mungu hatishwi na maabara.

Paulo anawaambia Wakorintho, katika barua ya kwanza sura ya 12, kwamba viungo vya mwili tunavyoviona havina heshima ndivyo tunavyovivika heshima zaidi. Sisi tumefanya kinyume. Viungo hivyo ndivyo tumevivua mbele za watu tukavifanya burudani.

Tazama jinsi Bwana wetu alivyofanya. Marko 5, yule mama aliyetokwa na damu miaka 12. Ulikuwa ugonjwa wa mahali pa siri, ugonjwa ambao watu wa kwao walimhesabu najisi. Alikuja kwa nyuma, kwa kujificha, katikati ya umati. Alipotoka mbele akitetemeka na kusema kweli yote, Yesu hakumwonea aibu. Alimwita binti. Umati mzima ulisikia ugonjwa wa yule mama na heshima yake kwa wakati mmoja. Hivyo ndivyo jambo la siri linavyotajwa hadharani katika ufalme wa Mungu: mtu anaondoka mzima na anaondoka ameheshimiwa.

Sasa niwape kazi ya wiki hii.

Wewe baba uliyepita 50, au uliyepita 40 na baba yako au ndugu yako aliugua, nenda kwenye hospitali iliyo karibu nawe uulize kuhusu kipimo cha tezi dume. Ukiona damu kwenye mkojo, au mkojo umegoma kutoka, usisubiri Jumatatu wala ibada. Nenda siku hiyo.

Wewe kijana uliye admini wa grupu, una mamlaka. Mzaha huu ukitua, usigombane na mtu. Andika tu: "Wazee wetu wako humu. Aliye na miaka 50 na hajapimwa, tafadhali nenda." Huko ndiko kutembea kinyumenyume na vazi mabegani.

Mama, usimtangaze mumeo kwenye maombi ya akina mama kwa kisingizio cha kumwombea. Hilo nalo ni kutoka nje ya hema na habari. Mwambie mkiwa wawili, kwa upole, kisha mwambie mtaenda pamoja. Wanaume wengi watakataa wakitumwa peke yao na watakubali wakisindikizwa.

Na wazee wa kanisa, katika ushirika wa wanaume mwezi huu, muiteni daktari au muuguzi aje ajibu maswali kwa saa moja. Akina mama watukubalie ukumbi. Maswali yaandikwe kwenye vikaratasi bila majina.

Neno la mwisho. Nimeona grupu lililokuwa la utani likibadilishwa jina usiku mmoja na kuwa la matibabu ya fulani. Watu walewale, simu zilezile, sasa wanatuma mia mbili, mia tano, kwa namba ya mweka hazina. Baada ya miezi michache jina linabadilika tena, linakuwa la mazishi. Hakuna anayetuma mchoro wakati huo. Kila mmoja anaandika "pole sana familia." Mimi nawasihi, vazi mtakalolileta kaburini lileteni sasa, angali hai na anaweza kusimama foleni ya maabara kwa miguu yake.

Tuombe. Baba katika jina la Yesu, tulinde vinywa vyetu na vidole vyetu. Mwanaume anayesoma haya akiwa na hofu aliyoificha hata kwa mkewe, mpe ujasiri wa kusema na miguu ya kwenda. Wape madaktari wetu hekima. Waponye walio vitandani. Na utufanye watu wa kufunika. Amina.

Kama kuna baba mmoja unayemfikiria sasa hivi, mpigie simu, kisha mwambie utamsindikiza.

Mbarikiwe.